Acheni kutuambia kwamba mpox haina dawa

Kuna sentensi moja inayosambaa mjini Kalemie kuliko ugonjwa wenyewe: «Mpox haina dawa.» Inasemwa sokoni Kataki, inasemwa ndani ya boti, inasemwa redioni, inasemwa katika vyumba vya maombi. Mara nyingine inasemwa na mtu wa afya mbele ya mama aliyempakata mtoto mwenye vipele hadi viganjani. Kila mmoja anaisema kwa sababu yake, lakini matokeo ni yale yale: mama anakaza kikwembe chake, anambeba mtoto mgongoni na kurudi nyumbani. Kama ugonjwa hauna dawa, abaki pale kufanya nini?

Mimi naipinga sentensi hiyo. Kwa mtu wa maabara ina kipande cha ukweli. Kwa mama wa Katanika ni hukumu ya kifo kwa mtoto ambaye angeweza kupona. Na kwa wakubwa wetu ni mahali pazuri pa kujificha.

Tuanze na hicho kipande cha ukweli.

Iko dawa inayoitwa tecovirimat. Ilitengenezwa na kampuni ya Marekani kwa ajili ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Marekani iliiweka akiba kwa hofu kwamba siku moja adui angetumia ndui kama silaha. Kwa kuwa ndui na mpox ni ndugu wa ukoo mmoja, wataalamu walitumaini kwamba dawa hiyo ingetufaa. Mwezi wa Oktoba 2022 ikaanza kujaribiwa hapa hapa Kongo, na INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na taasisi moja ya serikali ya Marekani, katika hospitali ya Tunda, jimbo la Maniema, na ile ya Kole, jimbo la Sankuru. Walishiriki wagonjwa 597, watoto na watu wazima. Baadhi walipewa dawa, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata nini. Tarehe 15 Agosti 2024 matokeo yakatangazwa: dawa haina madhara makubwa, lakini haikufanya vidonda vipone haraka zaidi.

Wengi waliishia hapo na kwenda kutangaza kwamba mpox haina dawa. Laiti wangesoma mistari iliyofuata.

Katika majaribio yale, kati ya wagonjwa wote, waliopata dawa na wasioipata, walikufa asilimia 1.7. Wakati huo huo vifo vya mpox katika Kongo kwa jumla vilikuwa vikihesabiwa kuwa asilimia 3.6 au zaidi. Fanyeni hesabu wenyewe. Katika wagonjwa 1,000 wa kawaida wanazikwa 36 au zaidi. Katika 1,000 waliotunzwa kama wale wa Tunda na Kole wangezikwa 17. Ni kweli kwamba wagonjwa wa majaribio na wagonjwa wa vijijini hawafanani kwa kila jambo, kwa hiyo tusiseme kwamba tofauti yote ilitokana na sababu moja. Lakini watafiti wenyewe walionyesha kidole mahali fulani: watu hawa walilazwa hospitalini, walifuatiliwa kila siku, walipewa maji ya kutosha, walipewa chakula, vidonda vyao vilisafishwa, na magonjwa mengine waliyokuwa nayo yalitibiwa. Hata yule aliyemeza kidonge kitupu alipata hayo yote.

Matunzo hayo ndiyo tiba ya mpox kwa leo. Anayesema haina dawa anamaanisha kwamba hakuna kidonge kinachoua kirusi. Mama anasikia kwamba hakuna la kufanya. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayeyachanganya mbele ya mgonjwa anafanya kosa kubwa.

Mbona hatusemi hivyo kuhusu kolera?

Sisi watu wa Kalemie si wageni wa milipuko. Kolera tunaijua kama tunavyoijua Lukuga. Mtu anapoanza kuharisha maji kama ya mchele, hakuna jirani anayesema «haina dawa, mwacheni». Anawekwa kwenye moto au kubebwa mgongoni, hata usiku, apelekwe kuwekewa serumu. Na serumu ni nini? Ni maji na chumvi. Haiui mdudu wa kolera hata mmoja. Inamweka mtu hai wakati mwili wake unapigana vita vyake, na siku chache baadaye anatembea mwenyewe kurudi nyumbani.

Surua vilevile. Katika mlipuko mkubwa ulioanza mwaka 2019, surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto. Hakuna kidonge kinachoua kirusi cha surua. Lakini mtoto anayepata vitamini A, maji, chakula na matibabu ya mapafu ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko yule aliyefungiwa nyumbani. Tumelikubali hilo kwa kolera na kwa surua. Kwa nini mpox peke yake tuifungulie mlango wa kaburi kwa maneno mawili?

Mpox inavyoua

Ili tuelewe kwa nini matunzo ni tiba, ni lazima tujue ugonjwa huu unaua kwa njia gani.

Kirusi cha mpox si kigeni. Binadamu wa kwanza kujulikana kuwa nacho alikuwa mtoto wa miezi 9, mwaka 1970, huko Basankusu, jimbo la Equateur la wakati ule. Jina la «ndui ya nyani» lilitokana na nyani wa maabara moja ya Copenhagen, ambako kirusi kiligunduliwa mwaka 1958, lakini nyani wanasingiziwa: wanaoshukiwa zaidi kukitunza porini ni panya na kindi wa msituni. Kinaingia mwilini kwa mkwaruzo mdogo wa ngozi, kwa mdomo, kwa sehemu za siri, au kwa mate ya mtu anayezungumza nawe kwa karibu kwa muda mrefu. Kinaweza pia kukaa katika shuka, taulo na nguo zenye majimaji ya vidonda. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baadaye: homa, maumivu ya kichwa na mgongo, uchovu, na tezi zinazovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Kisha vipele. Huanza kama madoa, huinuka, hujaa maji, hugeuka usaha, hukauka na kuwa magamba, na magamba huanguka. Safari hiyo huchukua wiki 2 hadi 4. Mpaka gamba la mwisho lianguke na ngozi mpya itokee, mgonjwa anaweza kuambukiza.

Wengi wanapona. Anayekufa, mara nyingi hufa kwa mambo ambayo zahanati yoyote yenye vifaa vya kawaida inaweza kuyazuia. Mtoto mwenye vidonda mdomoni na kooni hanywi wala hali, anakauka. Ngozi iliyofunguka mahali pengi hupoteza maji kama ngozi iliyoungua. Wadudu wengine huingia kwenye vidonda, kisha kwenye damu. Mapafu hushambuliwa. Jicho lenye kidonda lisilotibiwa linaweza kupofuka. Na kama mtoto alikuwa tayari na utapiamlo au malaria, mwili hauna akiba ya kupigana.

Kwa kila jambo kati ya hayo kuna la kufanya: maji yenye chumvi na sukari, uji, antibiotiki, dawa ya maumivu ili mtoto aweze kumeza, dawa ya macho, kipimo cha malaria. Hakuna hata kimoja kinachohitaji ndege kutoka Ulaya.

Kuna kundi lingine la watu tunaowaua kwa sentensi hii. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyekunywa dawa zake, mpox kwake huwa kali mno: vidonda vinakula nyama na haviponi. Akianza au akirudia dawa za VIH, anapata nafasi. Kwa hiyo kila mtu mzima anayelazwa kwa mpox anapaswa kupimwa VIH, kwa siri na kwa heshima. Na mama mjamzito je? Huko Kole, kati ya wanawake 4 wajawazito wenye mpox waliofuatiliwa na watafiti miaka iliyopita, 3 walipoteza mimba. Mjamzito mwenye vipele asiambiwe akasubiri nyumbani.

Nani ananufaika na «haina dawa»?

Wa kwanza ni wakubwa wetu. Ugonjwa usio na dawa hauhitaji bajeti. Inatosha bango, fulana na wimbo redioni: nawa mikono, epuka kugusana, jitenge. Ninawauliza waheshimiwa kwa adabu: anawe kwa maji gani? Familia inayonunua maji kwa bidoni, au inayoteremka ziwani kuyachota, inahesabu kila kikombe. Ajitenge katika chumba gani? Tangu vita vya Watwa na Wabantu vya mwaka 2016 na 2017, maelfu ya familia wamekuja kuishi pembeni mwa mji huu, katika vibanda ambamo watu 6 au 7 wanalala mkeka mmoja. Mwaka 2024 ziwa likapanda, likaingia majumbani, na wenye nyumba wakawa wapangaji wa ndugu zao. Mwaka 2025, Goma ilipoanguka Januari na Bukavu ikafuata Februari, wengine waliokimbia vita Kivu ya Kusini wakashuka kwa boti hadi kwetu. Kumwambia mtu wa kibanda cha namna hiyo «jitenge» ni kumdhihaki.

Wa pili ni wale wanaouza tumaini. Hospitali ikisema haina dawa, mtu hakai kimya, anatafuta anayesema anayo. Ndipo anapoingia fundi wa mizizi anayepasua vipele kwa wembe, na ndipo vinapojaa vyumba vya maombi ambamo wagonjwa wanawekewa mikono na kulala wamebanana usiku kucha. Simpingi Mungu wala simkatazi mtu kuomba. Lakini mchungaji anayemfungia ndani mtoto mwenye homa na vipele siku 3 za kufunga bila kula anamnyima kile hasa kinachomponya, na anawapelekea ugonjwa wengine wote waliolala pale.

Wa tatu ni sisi wenyewe, tunaopenda kuhukumu. Tawi jipya la kirusi hiki, linaloitwa Ib, lilijulikana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwishoni mwa mwaka 2023, katika machimbo ya dhahabu, na mwanzoni lilisambaa sana kwa njia ya ngono kati ya wachimbaji na wanawake wanaofanya biashara hiyo. Alama zilizomo katika vinasaba vyake zinaonyesha kwamba limekuwa likipita kutoka mtu hadi mtu. Hapo mdomo wa watu ukapata kazi: «ni ugonjwa wa malaya». Lakini tawi hilo lilipofika Burundi lilikuta watoto, nao wakawa wengi miongoni mwa wagonjwa. Na lile tawi la zamani, Ia, katika majimbo ya msitu, limekuwa likiua watoto kuliko watu wazima kwa muda mrefu. Mtoto wa miaka 4 anaambukizwa na nani? Na anayempakata, anayemwogesha, anayelala naye. Mnapoita mpox ugonjwa wa malaya, baba anaficha kipele chake, mama hajui, na mtoto ndiye anayelipa. Aibu hii na «haina dawa» zinafanya kazi pamoja: moja inakataza kwenda hospitali, nyingine inasema safari yenyewe ni bure.

«Lakini pesa hakuna»

Nitaambiwa: ndugu mwandishi, unaota, pesa hakuna. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini mwetu, ilisimamisha misaada yake, na tangu hapo mambo mengi yamelegea. Hilo ni kweli, na linauma. Lakini tutazame kinachohitajika kabla hatujalia.

Kinachohitajika kwanza ni chakula cha mgonjwa. Katika hospitali zetu, mgonjwa analishwa na ndugu zake. Mlinzi wa mgonjwa ndiye anayepika bukari nje, ndiye anayeosha nguo, na usiku analala sakafuni kando ya kitanda. Kwa ugonjwa wa tumbo tungevumilia. Kwa mpox, mpango huo unazaa mgonjwa wa pili. Kituo kikimpa mgonjwa uji asubuhi na bukari na ndakala jioni, kimefanya mambo mawili kwa pesa moja: kimemtibu, na kimempunguzia ndugu yake hatari. Asiye na wa kumpikia naye hatatoroka kwa njaa. Watu wengi wanaoitwa «watoro» hawakutoroka matibabu. Walitoroka njaa, au walikwenda kutafuta chakula cha watoto waliobaki nyumbani.

Kinachohitajika pili ni maji na sabuni ndani ya kituo chenyewe. Tatu, paracetamoli, antibiotiki, chumvi za kuongeza maji mwilini, vazelini, dawa ya macho, glavu. Nne, chumba kimoja chenye madirisha, kilichotengwa na wodi za watoto na wazazi. Tano, mshahara au hata marupurupu yanayofika kwa muuguzi, maana anayegusa vidonda bila glavu na bila mshahara atabuni sababu ya kutovigusa. Katika orodha hii hakuna mashine. Kuna vitu ambavyo wafanyabiashara wa Filtisaf na Kataki wanavyo dukani leo.

Jimbo letu lina zoni 11 za afya: Kalemie, Nyemba, Moba, Kansimba, Manono, Kiyambi, Ankoro, Kabalo, Kongolo, Mbulula na Nyunzu. Sisemi kila zahanati iwe Tunda. Nasema kila zoni iwe na mahali pamoja ambapo mgonjwa wa mpox anakula, anakunywa na kusafishwa vidonda bila kulipa. Kwa jimbo lenye madini ambayo malori hayachoki kuyabeba, huo si mlima.

Wengine watasema hatari imeisha, kwa kuwa tarehe 5 Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliondoa tangazo la dharura lililotolewa tarehe 14 Agosti 2024. Msidanganyike na neno. OMS iliondoa dharura ya kimataifa. Haikusema kirusi kimeondoka. Siku hizo hizo Africa CDC iliamua kuendelea na dharura yake ya bara. Na hapa kwetu, ziwa halijui matangazo. Linagawanywa na nchi 4, na zote 4 zimethibitisha ugonjwa: Kongo tangu zamani, Burundi Julai 2024, Zambia Oktoba 2024, Tanzania Machi 2025. Boti za Uvira, Baraka, Moba na Kigoma zinafika pwani yetu, na treni inakwenda Kabalo. Ukiwa bandarini Kalemie, uko njia panda.

Na chanjo je?

Chanjo ipo, na hapa pia tuna haki ya kukasirika. Ugonjwa uliojulikana kwetu tangu 1970 ulipofika Ulaya na Marekani mwaka 2022, watu wa huko walichanjwa kwa wingi ndani ya miezi michache. Sisi dozi za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na sindano ya kwanza ilichomwa Goma tarehe 5 Oktoba. Chanjo hiyo, MVA-BN, hutolewa mara 2 kwa siku 28 kati yake, na ilianza kwa watu wazima, wakati waliokuwa wakifa zaidi ni watoto. Japani iliahidi takriban dozi milioni 3 za chanjo nyingine, LC16m8, ambayo inaweza kupewa watoto.

Tazameni bega la babu au bibi yako. Kovu lile la mviringo ni chanjo ya ndui, nayo ilikinga pia dhidi ya mpox kwa kiasi kikubwa. Makadirio ya miaka ya 1980 yalikuwa karibu asilimia 85. Ndui ilipotokomezwa, chanjo ikasimamishwa. Waliozaliwa baadaye, yaani watu wengi wa mji huu, hawana kovu wala kinga. Kwa hiyo chanjo ikifika mtaani kwako, chukua, na urudi kwa dozi ya pili. Lakini isitumiwe kama kisingizio kingine cha kusubiri. Mtoto anayeumwa leo hataponywa na chanjo ya mwezi ujao. Ataponywa na uji, maji na mikono yenye glavu.

Ya kufanya nyumbani, na wakati wa kukimbia

Kwa sababu sitaki kuacha mtu na hasira peke yake, nayaweka hapa wazi.

Mtu wa nyumba yako akipata homa na vipele, hasa viganjani, nyayoni, usoni au sehemu za siri, mpeleke kituo cha afya au mwite mhamasishaji wa afya wa mtaa. Tetekuwanga na surua vinafanana nayo, na jibu la uhakika linatoka maabara kwa majimaji au gamba la kipele. Lakini matunzo yasisubiri jibu. Anza siku hiyo hiyo.

Mpe maji kidogo kidogo kila mara, hata kama anakataa. Mpe uji laini, mchuzi, ndizi iliyopondwa. Mdomo ukiwa na vidonda, asukutue kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Mwoshe kwa maji safi na sabuni, mkaushe kwa kupapasa bila kusugua. Usipasue vipele, usivikwangue, usipake majivu wala mafuta ya gari. Mkate mtoto kucha. Mlaze kwenye mkeka wake, hata kama ni chumba kile kile, karibu na dirisha. Mtu mmoja tu amhudumie, ikiwezekana mwenye kovu la chanjo ya zamani au aliyechanjwa, afunike mdomo na pua na anawe kila anapomaliza. Shuka zake zisikung'utwe. Zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani. Mume au mke mwenye vipele asishiriki tendo la ndoa mpaka apone kabisa, na baada ya kupona atumie kondomu wiki 12.

Kimbia hospitali bila kungoja asubuhi ukiona hivi: mtoto hanywi au anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, jicho linauma, ni jekundu au halioni vizuri, amelegea, amechanganyikiwa au ana degedege, vidonda vinanuka au ngozi inavimba na kuwaka moto, ni mtoto mchanga, ni mjamzito, ni mtu mwenye VIH.

Ukifika huko na mtu akakwambia «haina dawa», usigeuke. Mjibu: «Sawa, lakini mtoto ana kiu, ana homa, ana vidonda. Nataka hayo yatibiwe.» Ni haki yako, si fadhila.

Tunachodai

Bwana Gavana na waziri wa afya wa jimbo: tuambieni hadharani, kwa kila zoni ya afya, mahali ambapo mgonjwa wa mpox analazwa, anakula na kunywa bure. Kama mahali hapo hapapo, tuambieni lini patakuwapo.

Waheshimiwa wabunge wa jimbo: mnapopitisha bajeti, tafuteni mstari wa chakula cha wagonjwa. Msipouona, msipige kura mpaka uwekwe.

Wakuu wa vituo na wauguzi, ambao najua mnafanya kazi ngumu kwa malipo yasiyofika: badilisheni sentensi. Semeni «mpox inatunzwa na watu wanapona». Haiwagharimu kitu, na itarudisha wagonjwa.

Wachungaji na mashehe: ombeeni wagonjwa, kisha wasindikizeni hospitali. Msiwalaze kwenu.

Wenye boti: abiria mwenye vipele na homa asitupwe pwani wala kufichwa chini ya mizigo. Watu wa afya wa bandarini waitwe kabla boti haijatia nanga.

Nanyi majirani zangu wa Kalemie, neno «malaya» mliweke chini. Mpelekeeni bidoni la maji yule mliyekuwa mkimnyooshea kidole, liacheni mlangoni, ulizeni kama mtoto amekunywa.